Kinanda Kisichokumbuka

Aliyechagua kinanda alikuwa Pulchérie, si mumewe. Mji mzima wa Baraka ulijua hivyo, na mambo yalipokuja kuharibika hakukosekana wa kumkumbusha.

Mumewe, Élie, alikuwa mpiga gitaa. Tangu ujana wake aliitwa kwenye harusi na kwenye matanga, kuanzia Fizi kule juu hadi vijiji vya rasi ya Ubwari ambako ni lazima uvuke maji, na sasa alikuwa amefika umri ambao vidole vinaanza kulalamika. Alitaka kinanda cha umeme. Binamu yake Norbert, fundi cherehani aliyejifunza muziki kwa kutazama mikono ya wengine, alikitaka vilevile. Basi mwaka mmoja kabla ya vita vya kwanza kufika kwao wakapanda boti la Kigoma wote watatu, Pulchérie na madumu yake ya mawese, maana hakuona sababu ya kusafiri mikono mitupu.

Nyuma ya soko la Kigoma palikuwa na duka la vitu vilivyokwisha tumika, redio na feni na vyerehani vimepandana mpaka darini. Vinanda vilikuwa viwili tu. Cha kwanza kilikuwa cheusi, chepesi, kinang'aa, na juu yake yameandikwa majina ya sauti zote zilizotiwa humo kiwandani: piano, tarumbeta, filimbi, zeze. Ukibonyeza tarumbeta, tarumbeta inatoka. Ukibonyeza rumba, ngoma zinaanza kujipiga zenyewe, na kidole kimoja cha mkono wa kushoto kinatosha kuamsha bendi nzima. Cha pili kilikuwa kizito, cha rangi ya jivu, meno yake yamegeuka manjano. Hakikuwa na jina la chombo chochote. Kilikuwa na safu za vifundo, vingine vya kuzungusha, vingine vya kusukuma juu na chini, na ukikiwasha kilitoa mlio mmoja mwembamba kama wa mbu sikioni. Mwenye duka hakuwaficha. Alisema kinanda kile hakina sauti ya tayari hata moja. Mwenyewe ndiye unayeitengeneza kwa vile vifundo. Tena kibetri chake cha ndani kilikufa zamani na mfano wake haupatikani, kwa hiyo kila unapokizima kinasahau yote uliyokifundisha.

Norbert alicheka, akarudi kwenye kile cheusi. Élie naye alikijaribu kile cheusi, akatabasamu kama kila mtu alivyotabasamu mle dukani. Lakini kabla ya kutoka aligusa kifundo kimoja cha kile cha pili, halafu kingine, na ule mlio wa mbu ukashuka, ukanenepa, ukapata pumzi. Pulchérie alikuwa ameketi juu ya gunia mlangoni. Akasimama.

Yeye aliimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa lao, na alikuwa na sikio ambalo hata kiongozi wa kwaya alilihofia.

“Ile nyeusi nilishaisikia Uvira, nilishaisikia Bujumbura,” akamwambia mumewe, akimwita kwa jina la binti yao. “Iko sauti moja kila pahali, hata muntu gani anaipiga. Hii ingine, Baba Divine, itasema tu kile we unaiambia. Tubebe hii.”

Élie alisita. Norbert akamtajia mambo ambayo yote yalikuwa kweli: harusini watu wanataka kucheza, hawataki kumngojea mtu azungushe vifundo, wanataka sauti wanazozijua, na siku mpigaji akiugua, kinanda cheusi anaweza kukipiga yeyote. Pulchérie akajibu kwamba chombo anachoweza kukipiga yeyote hakina haja ya mume wake. Alilisema neno hilo kwa majivuno kidogo, na ndilo lililomshinda Élie. Walirudi Baraka, Norbert akiwachezesha abiria kwenye boti kwa rumba ya kiwandani, na kinanda cha Élie kimelala chini ya turubai pamoja na mizigo.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya kuchekwa. Norbert aliitwa kila Jumamosi. Élie alikuwa uani kwake, kinanda kimeunganishwa kwenye betri ya gari, akitafuta. Kila siku alianza upya kutoka kwenye ule mlio wa mbu, maana jana imekwisha kufutika, na kidogo kidogo njia za vifundo zikakaa kichwani mwake kama mtu anavyoijua njia ya kwenda shambani gizani. Pulchérie aliketi karibu akichambua mchele, akimwambia kwamba hapa ni kali mno, na hapa mwishoni inakatika kama mlango uliobamizwa.

Siku hizo kwenye kwaya palikuwa na mwanamke aitwaye Gatesi, mtu wa Bibokoboko, kule juu kwenye malisho, ambaye mume wake alishuka Baraka kwa biashara ya ng'ombe. Gatesi aliimba sauti ya kwanza. Yeye na Pulchérie walishibana. Huyu alileta maziwa, huyu alitoa mawese, na watoto wao walikula sinia moja. Mara nyingi Gatesi alikuja na kibuyu chake akakisukasuka palepale uani ili kutoa siagi, na mdomo umefungwa akivumisha wimbo wanaouvumisha wanawake wa kwao wakifanya kazi hiyo. Pulchérie hakujua maneno yake, wala Gatesi hakuyatamka. Pulchérie alichukua sauti ya pili tu, akaingia chini ya ile ya mwenzake, na zile sauti mbili zikagusana.

Élie aliwasikia hivyo siku moja akaacha kula. Akawaambia kwamba anakitaka kile kitu, lakini si sauti ya Gatesi wala ya mkewe, bali pale zinapokutana. Alihangaika nacho msimu mzima wa mvua. Wanawake wawili walivumisha, yeye akazungusha, wao wakatikisa kichwa, yeye akaanza tena. Mwishowe ikaja. Ilianza polepole kama mtu anayevuta pumzi, ikapanda, na ndani yake mlikuwa na mtetemo mdogo ambao haukuwa wa mashine. Gatesi alipoisikia aliziba mdomo kwa mkono, kisha akasema kwa lugha ya kwao jambo ambalo baadaye aliwafasiria: kwamba huyo ni mama yake mzazi.

Jumapili Élie aliipiga kanisani chini ya kwaya, na waliokuwa wakijipepea wakaacha kujipepea. Baada ya hapo harusi zikaja kwake. Watu hawakutaja jina la kinanda wala la mpigaji, walisema wanataka ile sauti ya bamama. Norbert mwenyewe alikuja kuuliza ni kitufe gani kwenye kinanda chake kingeweza kutoa kitu kama kile. Hakikuwapo. Alicheka, lakini kicheko hakikufika machoni.

Halafu vita. Kabla askari hawajaonekana, maneno yalikwisha fika, na yalikuwa maneno juu ya watu wa kule juu, kwamba si wenyeji, kwamba wanamficha adui. Majirani waliyasema bila kushusha sauti. Asubuhi moja Pulchérie alikwenda kwa Gatesi na kikapu cha samaki akakuta mlango wazi na nyumba tupu. Hawakuaga. Alielewa kwa nini hawakuaga, na kuelewa huko kulimuuma kuliko kama wangemtukana, kwa kuwa kulimaanisha kwamba Gatesi alipohesabu watu wa kuwaamini siku ile, hakumfikia yeye.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kukimbia na kurudi. Baraka ilibadilisha mabwana, watu wakavuka kwenda Tanzania kwa maelfu, wengine wakalala porini. Élie na Pulchérie walikwenda Ubwari, kijijini kwa mama yake Pulchérie, wakarudi Baraka kulipotulia, na vita vya pili vilipoanza wakaenda tena. Kila mara kinanda kilisafiri kimefungwa ndani ya godoro. Norbert alikuwa pamoja nao, na chake begani. Kule Ubwari hapakuwa na harusi nyingi, lakini watoto walizaliwa na wazee walikufa, na kwa yote mawili watu walihitaji wimbo.

Wapiganaji walifika alasiri moja kwa mitumbwi ya injini. Walikuwa wenyeji wa huku huku, watoto wa watu, wengine Pulchérie aliwajua mama zao. Hawakuja kuua mtu. Mkubwa wao alikuwa amesikia kwamba pale kijijini kuna vinanda, naye alitaka nyimbo za kuwaita vijana msituni.

Walianza kwa Norbert. Mpiganaji mmoja alikiwasha kile cheusi, akabonyeza, rumba ikaanza, akaweka kidole chake kimoja na wenzake wakaanza kutikisa mabega. Wakakibeba. Norbert alilia waziwazi, wakamwambia akae chini, akakaa. Hawakumgusa wala hawakumtazama tena.

Kwa Élie, yule yule mpiganaji alibonyeza jino moja, akabonyeza yote, na kikatoka kile kilio cha mbu. Alidhani kimeharibiwa makusudi. Akamshika Élie shati, na mwingine akainua kitako cha bunduki. Élie alitazama chini kama mtu ambaye kweli ana kinanda kibovu. Kama angeachwa hivyo, pengine wangempiga wakaondoka. Lakini Pulchérie aliona kile kitako kimeinuliwa juu ya kichwa cha mume wake.

“Haijaharibika,” akasema. “Iko nzima. Ni yeye peke anaijua.”

Mkubwa wao akamgeukia Élie akamwambia apige. Élie alimtazama mkewe, mara moja tu, halafu akapiga magoti mbele ya kinanda akaanza kuzungusha. Alitengeneza sauti ya pembe, pana, yenye kutu, sauti ambayo hata Pulchérie hakuwahi kuisikia. Mkubwa aliisikiliza mpaka mwisho. Yule kijana aliyepiga rumba kwa kidole kimoja akasema mbona wanacho tayari kile cheusi.

“Sauti ya ile kila muntu iko nayo, hata adui,” mkubwa akajibu. “Hii haina mwingine. Tunabeba yote mbili, kinanda na kichwa yake.”

Maneno yalikuwa karibu yale yale aliyoyasema yeye Kigoma, na Pulchérie alisimama pale akiyasikia yakitoka kinywani mwa mtu mwingine. Walimpandisha Élie kwenye mtumbwi, godoro na kinanda mapajani mwake. Norbert alibaki amekaa chini. Alikuwa amepoteza kinanda, na jioni yake alikula ugali na watoto wake.

Kuanzia hapo watu walianza kumkumbusha. Hawakuwa wakatili, walisema kwa kusikitika, mama wakwe, mashemeji, majirani wa kisimani: Mama Divine, kama ungemwacha achukue ile nyeusi ya kufinya tu.

Kanda ya kwanza ya nyimbo za wapiganaji ilifika Ubwari kwa mfanyabiashara wa chumvi, miezi mingi baadaye. Aliipiga ufukweni kwenye redio yake huku akipakua. Zilisikika ngoma, kisha sauti za vijana wakiimba kwa hasira kwamba watu wa milimani wafukuzwe, ng'ombe wao wachukuliwe, wasiachiwe hata pa kuzika. Na chini ya ngoma, ikianza polepole kama mtu anayevuta pumzi, ikapanda ile sauti ya uani kwake, yake na ya Gatesi, pale zinapokutana.

Pulchérie aliketi juu ya mchanga. Mama yake alidhani ameugua. Lakini alichokuwa akifikiri kilikuwa rahisi kabisa: kinanda kile hakikumbuki. Kila kinapozimwa kinasahau. Hakuna mwanadamu mwingine aliyejua njia za vile vifundo. Kama sauti ile ipo kwenye kanda, basi siku kanda ilipotengenezwa Élie alikuwa hai na mikono yake ilikuwa mizima. Alimwambia mama yake, wakakumbatiana, na wimbo ukaendelea kusema yale uliyokuwa ukiyasema.

Alianza kuzitafuta kanda. Kila boti lilipofika alikuwa wa kwanza kuuliza kama kuna wimbo mpya wa watu wa msituni. Wengine walimwona kama shabiki wao mkubwa, na mwendesha boti mmoja akamsifu kwa uzalendo wake. Alijifunza kusikiliza kinanda bila kusikiliza maneno, kama mtu anavyokula nyama akitema mifupa. Kila mara sauti ile ilikuwamo. Wakati mwingine ilikuwa mbele, wakati mwingine imefichwa nyuma ya pembe na makelele, lakini sikio lake liliipata, naye akalala vizuri. Hakujiuliza ni nani mwingine anayeisikia.

Kisha ikaja kanda iliyokuwa na tarumbeta safi, angavu, na rumba iliyokwenda sawasawa kama saa. Norbert alikuwa pale akishona begi la mtu. Aliinua kichwa.

“Hiyo ni yangu,” akasema, na mara akatamani asingesema.

Pulchérie alingoja kanda iliyofuata, na nyingine. Zote zilikuwa za kinanda cheusi. Hapo akaketi matanga. Ndugu walikuja kutoka ncha nyingine ya rasi, walikesha na kuimba bila chombo chochote, na baada ya siku za desturi aliambiwa ajikaze kwa ajili ya Divine, ambaye alikuwa amekuwa msichana mkubwa. Alijikaza. Alivaa kitambaa cha ujane, akaanika dagaa, akatembelea majirani na kurudi, na hakwenda tena kupokea boti.

Élie alirudi mwaka ambao watu walianza kuzungumzia amani. Alitokea kwenye njia ya nyuma ya kijiji, mkongojo mkononi, mtu aliyekonda hadi Divine hakumtambua. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa. Bega moja lilikuwa limeshuka chini ya lingine kwa kubeba masanduku ya risasi. Kijiji kilipiga vigelegele. Halafu vigelegele vikaisha, na watu wakakumbuka nyimbo. Mwanamke mmoja aitwaye Adolphine, ambaye watoto wake wawili walifuata nyimbo zile msituni na hawakurudi, alikuja mpaka uani. Alisimama akamtazama Élie kwa muda mrefu, akageuka akaenda zake. Élie alikuwa amesimama kumpokea. Alibaki amesimama hivyo hivyo.

Siku nyingi zilipita kabla hajasimulia. Alisema kinanda kilizama walipokuwa wakivuka mto uliofurika, yule aliyekibeba akateleza, na jioni ile ile mkubwa akamwambia kwamba mtu asiye na kinanda ni mgongo tu. Ndivyo alivyobeba masanduku mpaka alipopata njia ya kutoroka. Kuhusu nyimbo alisema kwamba maneno hakuyatunga yeye. Yeye aliambiwa atengeneze sauti za kutisha, akatengeneza. Walitaka pembe, akawapa pembe.

“Lakini kila mara nilikuwa natia na ile yetu, hata chini chini,” akasema. “Juu ya we kusikia, ujue niko muzima.”

“Nilisikia,” Pulchérie akajibu.

Usiku wa miaka mingi ulikuwa katikati yao, na kwa dakika chache haukuwapo. Alimshika mkono wa lile bega lililoshuka.

Walirudi Baraka na wengine. Nyumba yao ilikuwa kuta bila bati. Norbert naye alirudi, akapata kinanda kingine cheusi kutoka kwa wafadhili wa kanisa, na akawa mpigaji wa kila Jumapili. Élie alikaa viti vya nyuma, sikio zima limeelekea ukutani. Wakati mwingine Pulchérie alimwona akisogeza vidole juu ya goti, si kama mpigaji anavyobonyeza, bali kama mtu anayezungusha kitu kidogo.

Ndipo alipoanza kumfikiria Gatesi. Akina mama wa soko walikuwa wameanza tena kupanda Bibokoboko na chumvi na samaki wakavu, wakirudi na maharage na siagi. Njia haikuwa salama sana, lakini ilipitika. Élie alimsihi aende. Mwenyewe hakuthubutu, jina lake lilijulikana huko. Alimpa maneno ya kumpelekea: kwamba alichukuliwa kwa nguvu, kwamba hakuyatunga yale maneno, kwamba sauti ile aliitia kwa sababu moja tu. Njiani kote Pulchérie aliyapanga yale maneno, akiyahamisha, hili mbele, lile nyuma, mpaka yakawa laini.

Alimkuta Gatesi nje ya nyumba mpya ya nyasi, amezeeka, anasukasuka kibuyu. Mdomo wake ulikuwa umefungwa na hakuna sauti iliyotoka. Alipomwona mgeni aliweka kibuyu chini, akamsalimia kwa mikono miwili, akamwita dada, akamletea maziwa. Waliulizana habari za waume: wa Gatesi alikufa. Habari za watoto: Divine mzima, Rugema, mtoto wa kwanza wa Gatesi aliyekula sinia moja na Divine, mzima, yuko na ng'ombe. Kisha Pulchérie akasema aliyokuja kuyasema. Aliyasema vizuri. Gatesi alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akitazama bonde.

“Najua walimukamata kwa nguvu,” akasema. “Sikuwaza kitu ingine. Élie sikumuchukia.”

Pulchérie alihisi mzigo ukimshuka. Alianza kushukuru, lakini Gatesi hakuwa amemaliza.

“Walikuwa wanaweka kipaza sauti pale,” akasema, akionyesha kilima cha ng'ambo. “Mbele ya kushambulia. Mara ya kwanza mutoto wangu mudogo, ule nilizaa huku juu, aliisikia, akauliza: mama, ni we unaimba kule? Akataka kwenda. Alikuwa anaijua kwa kibuyu. Nilimushika kwa nguvu.”

Aliokota ukoka uliodondokea kwenye maziwa ya mgeni.

“Nyuma ya pale alijifunza kama wengine. Ukiisikia, unakimbia. Siku ingine tulikimbia na mvua, Rugema alimubeba kwa mugongo mpaka porini. Tuliposimama alikuwa baridi.” Kisha akasema, bila ukali, kama mtu anayelinganisha vitu viwili sokoni: “Basi we ulikuwa unaisikia, unajua bwana yako iko muzima, unalala. Siye tulikuwa tunaisikia tunabeba batoto. Ilikuwa ile ile moja.”

Pulchérie alitafuta yale maneno yake laini na hayakuwapo. Alikunywa maziwa kwa sababu kuyaacha kungekuwa tusi. Alilala pale, katika kitanda alichopewa, na asubuhi Gatesi alimsindikiza mpaka mwisho wa malisho kama heshima inavyotaka, akampa siagi iliyofungwa kwa jani la mgomba. Akamwambia mlima ni mrefu na magoti yao ni ya kizee sasa, asijisumbue kuupanda tena. Alisema kwa upole, na wote wawili walijua amesema nini.

Kushuka kulimchukua siku nzima. Njiani alifikiri angemwambia Élie nusu, ile nusu ya kwanza, kwamba hakuchukiwa. Lakini alipofika alimkuta amekaa kwenye ngazi akimngoja, sikio zima limegeuzwa upande wa njia, na akajua hana nguvu ya kutengeneza kitu. Alimwambia yote kama alivyoambiwa, kilima, kipaza sauti, swali la mtoto, mvua, mgongo wa Rugema.

Élie alisikiliza. Vidole vyake vilikuwa vimetulia magotini. Akina mama walipita barabarani na mabeseni yao, pikipiki ikapita.

“Ule mutoto,” akauliza, “jina yake nani?”

Pulchérie alifungua mdomo kumjibu, na hapo ndipo alipogundua. Alikuwa amepanda mlima wote ule na maneno ya mume wake, amekaa, amekula, amelala, ameshuka.

“Sikuuliza,” akasema.